Muundi

Daktari wa viungo anaitwa Kavugho.
Ana kidole gumba kama cha mfinyanzi.
Alikipitisha juu ya muundi wangu, toka goti kushuka,
akiuliza, "Hapa?" Hapana. "Hapa?" Hapana.
"Na hapa?"
Nikashika ukingo wa kitanda, nikataja jina la mama yangu.

"Haujavunjika," akasema. "Umechoka kukuambia."

Kweli, ulikuwa umeniambia.
Uliniambia Himbi, kwenye mteremko,
ukaniambia tena Katindo, nami nikakaza kamba za viatu.
Nilitaka kilomita ishirini kabla ya Pasaka.
Nilikuwa nikikimbia juu ya mawe meusi,
yale yaliyoshuka yakiwa uji, yakapoa yakiwa meno,
na kila hatua jiwe lilinirudishia teke langu mwenyewe.

Wiki sita, akasema Kavugho. Hata mvua ikikufukuza, tembea.

Mimi ni fundi cherehani. Nani atanipumzishia mguu?
Pedali haijui likizo.
Nikahamia mguu wa kushoto, ule mjinga,
na mshono wa kikwembe cha Mama Esperansi
ukaenda kama barabara ya Sake.
Akaugeuza, akautazama, akanitazama.
"Na huyu nyoka, ni bei gani?"
Nikafumua. Nikashona. Nikafumua.

Umeme ulikuwa haupo, basi barafu
niliinunua Kituku, kwa wauza samaki,
nikaifunga kwenye kitambaa, nikailaza juu ya mfupa.
Mwezi mzima shuka zangu zilinuka sambaza.
Paka wa jirani akahamia kwangu.

Na wote wakanijia na polepole ndio mwendo:
shemeji, katekista, muuza makala.
Hakuna hata mmoja wao anayekimbia.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mwili uliamka wenyewe
kama mtu aliyefukuzwa kazi ambaye bado anavaa tai.
Niliketi kizingitini. Nikawasikia wakipita, Dezire na wenzake,
viatu pa pa pa juu ya changarawe,
Dezire akikohoa mlangoni kwangu, makusudi.
Niliwachukia hadi kona.

Kisha zikaja kazi ndogo, zisizo na heshima:
kuinua visigino kwenye ngazi ya kanisa,
kuokota kizibo kwa vidole vya mguu,
kuzunguka chumba kwa visigino kama bata mwenye deni.
Mwanangu Asifiwe alinihesabia.
Kila siku aliruka namba tisa, nami sikumsahihisha.

Leo Kavugho amebonyeza, nami nimenyamaza.
Si kwamba hakuna kitu. Kipo,
lakini kimekaa kama mgeni aliyekwisha kuaga.

"Dakika moja kimbia, mbili tembea. Mara sita.
Na mawe uyaache."

Basi nikaja uwanja wa shule, penye vumbi laini,
mbuzi wawili, goli moja lisilo na mwamba.
Dakika ya kwanza nilikimbia kama aliyebeba mayai.
Ya pili, mayai yakapungua.
Ya nne nikasahau ni mguu gani ulikuwa mgonjwa,
kwa hatua labda nane.
Nje ya uwanja chukudu ikapita imejaa viazi,
kijana amepiga goti juu yake,
mguu mmoja ukiisukuma ardhi nyuma,
tukaenda sambamba, yeye na mzigo wake, mimi na wangu,
na ningeweza kumfuata mpaka ziwani.

Saa ikalia mkononi.
Mapafu yalikuwa bado na njaa. Muundi ulikuwa kimya.

Nikasimama.
Sikusimamishwa. Nilisimama.

Kijana akapotea mteremkoni na viazi vyake.
Nikatembea dakika zangu mbili, zote,
na ile ya tisa aliyoiruka Asifiwe
nikaitembea pia.