Chupa Kumi na Mbili Juu ya Bati

Nilizipanga alfajiri, bati likiwa bado na umande,
juu ya kinu cha unga cha Apondi, pale Kadenge:
chupa kumi na mbili za maji ya kinamasi,
sita nimezivika karatasi ya fedha gubigubi,
sita uchi.

Maji yenyewe ni turungi iliyosahaulika jikoni.
Mafunjo hufa yamesimama,
huoza bila haraka, humwaga wino
kwenye mto Yala, usiojua kuandika.

Apondi akatoka, unga umemjaa nyusi.
"Wewe wa kwa Abura, unapika nini kwangu?
Polisi wakija, mimi sikujui."
Nikasema, si pombe, mama, na mpishi si mimi.
Akatazama juu. Akafumba jicho moja.
Akarudi kwenye mahindi ya watu.

Siku ya kwanza, hakuna.
Ya pili, mawingu kutoka ziwani, nikayatukana.
Ya tatu jua likaingia kazini:
likapenya kioo, likaigusa ile kahawia
palepale rangi inapojifunga fundo,
na hewa iliyolala ndani ya maji
ikaamka ina meno.
Minyororo mirefu ikawa vipingili,
vipingili vikawa makombo,
na vijidudu ambavyo jana vilisusia mfupa
leo vinalamba vidole,
kama vina vidole.

Nami nikawaza, nimechuchumaa kwenye ngazi:
kila unyuzi wa funjo ulisukwa na jua hili,
mchana kwa mchana, kwa pumzi na maji;
sasa msusi amerudi, anafumua,
hadai ujira, haombi radhi.

Siku ya saba nikazivua zilizovaa.
Turungi ileile.
Zilizokaa uchi zimepauka
kama mkojo wa mtoto aliyekunywa maji mengi.

Apondi akaja na kikombe cha uji, hakushangaa.
Akanionyesha bango mlangoni mwa kinu,
mgombea wa miaka ile:
wekundu wa tai umekwenda, wa midomo umekwenda,
amebaki mtu wa buluu anayecheka.
"Jua lilishampigia kura," akasema.
Kisha akainua chupa, akaipima kwa mwanga:
"Na rangi yenyewe imeenda wapi?"
Hewani, nikasema. Nyingine imeliwa.
"Basi kinamasi tunakivuta puani."
Akavuta, akapiga chafya ya unga.

Nikahesabu. Kumi na moja.
Kinu kikaanza kunguruma, bati likatetemeka,
na ng'ambo ya barabara mwanawe Ogutu
anatoka dukani na mafuta ya taa
ndani ya chupa ninayoifahamu.
Daftarini nikaandika: ya tisa, uchi,
matokeo hayajulikani.

Usiku, nikipita chini ya dirisha lao,
nikasimama, nikatoa kalamu, nikakata lile neno.
Nikaandika: inawaka.