Wati Mbili

Wafubwa alipanda ngazi zangu za Luthuli
amekikumbatia kikuza nguvu kama mtoto mwenye homa,
redio kwapani,
waya ukimfuata nyuma, ukigonga kila kidato.

"Mama Solda," akaniita, jina nisilolichagua,
"niunganishie. Nikiwa Mlolongo
nataka nisikike Limuru, nisikike Suswa,
na hao wanaoniibia ajali washtuke."

Yeye huvuta magari yaliyokufa Barabara ya Mombasa.
Anayefika kwanza ndiye anayekula.

Nikakigeuza. Jitu zuri,
mapezi ya kupozea joto mgongoni,
transista nne zimelala kama dagaa mkebeni.
Karatasi ya nyuma, iliyosalia nusu, ilisema:
ingizo, wati mbili.
Nikaipima redio. Kumi na tisa.
Kuna mtu wa Grogan aliifungua, akaikaza,
akachukua elfu tatu, akamwambia,
"Sasa inanguruma."

Ikanguruma kweli.
Jirani wa chini alipiga dari kwa ufagio:
televisheni zake thelathini, zote za kuuzwa,
zilikuwa zinasema "haloo, haloo" kwa sauti ya Wafubwa,
na kikuza kilikuwa kimeanza kunuka
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Nikachomoa.

Wateja hupenda nilinganishe kazi hii na ndoa.
Silinganishi. Ndoa haina mita.
Ninao tu ubeti wa fundi aliyenifunza,
marehemu Gathuku, aliyetunga huku akingoja solda ipoe;
umebandikwa ukutani, umeungua pembe moja:

*Ijue kwanza sauti, kabla ya kusaka mbali,*
*kipimo chake ni wati, mbili? Basi ziwe mbili,*
*ukizidi ni mauti, ya zile transista ghali,*
*na moshi hauna hati, ya kurudia asili.*

Nikaishika bisibisi nyembamba.
Robo kinyume, robo tena.
Kumi na tisa, kumi na moja, saba.
Wafubwa aliitazama sindano ikishuka
kama mtu anayehesabiwa deni mbele ya wakwe.
"Unaniua."
"Ngoja."
Nne. Tatu. Mbili.

Halafu antena. Nguvu nyingi ilikuwa inafika juu,
inakuta mlango umefungwa, inarudi ndani kwa hasira.
Nikakata waya, nikaweka plagi mpya,
nikafupisha ule mlingoti upana wa kidole,
nikapima, nikafupisha ukucha mmoja zaidi.
Nikamwambia umeme autoe kwenye betri yenyewe,
kwa waya mnene wenye fyuzi,
si kwenye tundu la kuwashia sigara.
Amperi thelathini hazipiti kwenye uzi wa kushonea vifungo.

Akaondoka amenuna. Mvua ya Julai,
ile isiyonyesha wala kuacha.

Saa mbili usiku nilikuwa bado dukani,
redio yangu ndogo wazi kwenye chaneli yao.
"Nyanchera, unanipata?"
Nyanchera hukaa ndani ya kontena, Lunga Lunga,
huwagawia madereva kazi.
Kimya. Kisha:
"Nakupata. Nani huyo?"
"Wafubwa."
"Wafubwa gani? Wafubwa ni kelele."
"Ndiye mimi."

Kwa miaka miwili alikuwa akipiga kelele,
na mwanamke huyu alikuwa akiandika namba za magari
kwa kubahatisha.

"Kumbe una kikohozi," Nyanchera akasema.
Halafu, polepole: "Kumbe umechoka hivyo."

Hakujibu. Ila kidole kilibaki kwenye kitufe,
na mimi, kilomita ishirini kutoka pale,
nikasikia wipa zikifuta kioo, kulia, kushoto,
moja yao ikikwaruza,
nikasikia akivuta pumzi ya kusema jambo
na kuirudisha.

Suswa hakufika. Hajaja kulalamika.
Bado namdai mia nne za plagi.