Sweta Moja

Uwemba, Juni. Umande umeganda juu ya viazi,
kalamu za darasa la tano zinatetemeka.
"Andikeni majina matatu," nikasema, "ya rafiki zenu."
Wakaziba karatasi kwa viwiko kama wako kwenye mtihani.

Usiku nachora mishale: Kastory kwa Onesmo,
Onesmo kwa Kastory,
sita wamemiminika kwa mtoto wa mwenye duka.
Kwa Sigrada haukufika hata mmoja.
Nikalizungushia jina lake wino mwekundu,
pembeni nikaandika: mpweke.

Kulipokucha, baridi ya kung'ata masikio.
Nyuma ya jiko la uji
Sigrada na Lusungu wamevaa sweta moja,
kila mtu na mkono wake,
vichwa viwili vimebanana shingoni,
kikombe kinakwenda kushoto, kinarudi kulia,
hakuna anayesema neno.

"Lusungu, mbona hukumwandika mwenzako?"

"Huyu? Tumenuniana tangu Jumatatu."

Sigrada akageuzia uso kwenye misonobari,
huku akilivuta sweta
limfunike Lusungu tumbo.

Fomu yangu haina kisanduku cha kununa.
Lile duara jekundu nalisugua kwa kidole chenye mate.
Linatapakaa. Halifutiki.