Basilata

Nane huku, nane kule, ndivyo shairi hupimwa,
na baba fundi mizani, si vyema mimi kupunja;
lakini nikikutaja, Kibwana mwana wa Mtulia,
mshororo unazidi.
Nimehesabu kwa vidole, mara ya pili kwa kalamu.
Unazidi.
Haya, na uzidi.

Ulitoka Buguruni Malapa kabla ya adhana,
mfuko wa turubai begani: tupa, koleo, risasi ya kuyeyusha,
na mawe saba ya shaba uliyoyafunga kwa kipande cha kanga ya Mama,
maandishi yamefutika, limebaki neno moja, *jirani*.
Tulijua kumekucha kwa mlio wa mawe hayo.
Jumatatu Ilala. Jumanne Tandale.
Alhamisi Temeke Stereo, kwenye vitunguu,
ukarudi unanuka hata sabuni ikakata tamaa.
Ijumaa hukushika chuma mpaka swala iishe,
ila siku ile mizani ya zahanati ilipokwama
na akina mama wamejipanga, vichanga uchi mikononi.
"Mungu hana foleni," ulisema. "Hawa wanayo."

Ulizaa wanne. Mkekani tulikuwa tisa.
Mkwaju wa shangazi alikuja likizo kutoka Utete
akakaa miaka kumi na mmoja.
Elibariki wa mkokoteni alivunjika mguu karibu na meza yako,
ukamleta nyumbani kama mtu aletaye samaki.
Mama akiuliza, "Huyu naye wa nani?"
hukujibu. Ulisogea tu,
ukaacha nafasi ya paja moja.

Mwaka wa ada ya Pili, mwenye ghala alikuja usiku na bahasha.
"Toboa mawe kwa chini, Mzee. Gramu hamsini tu. Nani atajua?"
Ulimmiminia chai. Ukamwekea na andazi.
Alipomaliza kutafuna ukamwambia,
"Jiwe litajua."
Bahasha ikarudi ilivyokuja.
Sitaficha: Pili alikaa nyumbani muhula mzima,
na muhula mzima hakukuamkia.
Redio iliuzwa baadaye. Hukuitaja tena,
ila saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari,
ulikuwa ukitazama pale kwenye rafu.

Umekufa Jumanne, kwa hiyo Tandale,
na tupa ilibidi wakutoe vidoleni.

Baada ya arobaini Elibariki alikuja na mfuko wako
akague mizani ya Mama, ile ya dirishani,
anayouzia mchele na maharage tangu mimi sijaota meno.
Akapima. Akapima tena. Akajikuna kisogo.
"Mama, hii ina kasoro."
"Inapunja watu?"
"Inakupunja wewe."
Kila kilo ilitoka na gramu hamsini juu.
Akageuza mkono wa mizani kwenye mwanga:
"Tupa hii ni ya Mzee. Yeye hukatia kushoto.
Alitia basilata ndani ya chuma."

Miaka kumi na tisa!
Mama akaanza hesabu: gunia, gunia, na la sukari,
vidole vikaisha, akaazima vyangu.
"Kumbe ndiyo maana dirisha halikuwa duka,"
akacheka mpaka kanga ikamdondoka,
na alipoinama kuiokota
hakuwa anacheka tena.

Mzee asiyekubali kuharibu jiwe la mtu,
mizani moja tu uliiharibu maishani,
na ilikuwa yetu,
na hukutuuliza.

"Niinyooshe?" Elibariki alisema, tupa tayari.
Mtoto akagonga dirisha kwa sarafu:
ametumwa unga, nusu kilo.
Mama akajifuta uso, akapima.
Mshale ukasimama wima, mwongo vilevile.
Akafunga mfuko.
"Mwambie mama yako nimemsalimu."