Kidole cha Mwisho

Dirisha la nne, saa moja na robo asubuhi.
Feni yazungusha joto lile lile
na foleni imeshatoka mlangoni, imekunja kona
hadi kwa muuza mahamri.
Kazi yangu ni kusema: kadi, tafadhali.
Weka kidole hapa. Bonyeza. Ngoja.
Mashine yenyewe haizidi kipande cha sabuni.
Ina kijitaa: kijani, umo; chekundu, humo.

Siisemi vibaya. Naikumbuka miaka ya kadi za karatasi,
zilizolowa jasho, zilizofutika majina,
kadi moja ikitibu mtaa mzima.
Mzee Chivatsi wa Mtongwe tulimzika mwezi wa Machi;
daftari likasema Aprili aliumwa jino,
Mei akapigwa picha ya kifua,
Juni akajifungua pacha kwa upasuaji.
Tulicheka. Kisha bohari ikaishiwa dawa ya sukari,
tukaacha kucheka.
Kadi hii, na chembe yake ing'aayo kama kipini cha pua,
imewarudisha wafu makaburini kwao.
Hilo naliwekea sahihi.

Lakini leo amekuja Bi Mejumaa wa Kisauni,
mpishi wa achari,
miaka thelathini ya kumenya embe mbichi,
pilipili, chumvi, siki, ndimu, na tena ndimu.
Amejishika ubavu, pumzi yamkatika.
Kadi ilisomeka: jina lake, picha yake,
mchango umelipwa, hadaiwi hata ndururu.
Akaweka kidole gumba.
Chekundu.
Cha shahada. Chekundu.
Nikafuta kioo kwa pamba, akafuta kidole kwa leso.
Chekundu.
Nikaushika mkono wake nikautazama mwangani:
ncha laini kama jiwe la kusagia lililokwisha meno.
Mistari yote aliyopewa na Mola
ameshaiuza, chupa kwa chupa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kadi yanijua?"
"Yakujua, Bi Mejumaa."
"Nawe wanijua?"
"Nakujua. Achari yako naila tangu chekechea."
"Basi ni nani hapa asiyenijua?"

Nyuma yake mtu akakohoa, mwengine akasonya.
Ukutani pana nambari ya simu ya usaidizi;
nikapiga, ikanipigia kinanda.
Sheria yasema asiyethibitishwa alipe taslimu.
Sheria hiyo tuliletewa na wafu;
wanaoilipa ni wazima.

Nikamwambia, hebu mkono wa kushoto.
Chekundu, chekundu, chekundu, chekundu.
Kikabaki kile kidogo cha mwisho,
ambacho, alisema, hakishiki ndimu wala kisu,
kazi yake kukaa pembeni kudekezwa
kama kitinda mimba.
Akakiweka taratibu, kama mtu aonjaye chumvi.
Mashine ikafikiri.
Kijani.

Foleni nzima ikashusha pumzi. Mmoja akasema alhamdulillahi,
mmoja akasema haya, tusongeni.
Bi Mejumaa hakucheka. Alikikodolea macho kidole chake
kama jamaa aliyezuka siku ya mirathi,
kisha akaniinamia, asisikie mwengine:
"Na hiki nacho kikiisha?"

Nikamwelekeza chumba cha sita.
Kwenye daftari la matatizo, ambalo sijamwona alisomaye,
nikaandika jina lake, tarehe, na neno ndimu,
nikalipigia mstari.
Kalamu ilikuwa yavuja. Kidole changu kikashika wino
na mistari yake ikajitokeza yote,
duara ndani ya duara,
mizima,
kama ya mtu asiyewahi kumenya embe.