Kilo Sitini na Mbili

Mtaniambia shairi hili halina mizani.
Mizani ninayo. Iko mbele yangu, ghala la tumbaku, Urambo,
ya chuma, sahani yake pana,
sindano hutetemeka kwanza ndipo iseme kweli.
Kabla yangu aliisimamia baba.
Vina ndivyo sina.

Mwaka wa foleni za sukari
alikuja Mwalimu Vosi, wa hisabati, kutoka Ayowa,
sikio la kushoto limejikunja kama uyoga wa masika.
Tulidhani kazaliwa nalo.
Kumbe mieleka: miaka kumi na mmoja
ya kusuguliwa kichwa kwenye mikeka ya mpira
na kwenye vifua vya vijana wa watu.
Mapambano mia moja arobaini na tisa.
Alishinda mia moja kumi na nane,
senti hakulipwa.
"Basi wewe ni mchezaji wa ridhaa," baba alimpa neno,
naye akaliandika kiganjani.
Ridhaa.
Sijui nani aliridhika.

Alitufundisha nyuma ya bweni,
turubai juu ya maranda ya mninga.
Ngumi haifai, kabari haifai;
mshike mwenzio kiuno kama unayetaka kumnong'oneza siri,
kisha mnyime ardhi.
Mihayo alijifunza upesi.
Mimi nilijifunza kuanguka.

Jambo moja lilitushinda.
Kwao, alisema, hupimwa kabla ya pambano,
na aliyezidi hata robo kilo huondolewa.
Kwa hiyo alilala na njaa kwa hiari,
alikimbia kwenye chumba cha mvuke amevaa nailoni,
akatema mate kwenye kopo, na kopo jingine,
hadi ashukie sitini na mbili.
Kasanda, aliyekuja shule na debe moja la michembe
la muhula mzima,
akanyoosha mkono:
"Mwalimu, chakula kilikuwepo?"
"Kilikuwepo."
"Mkakitazama tu?"
Vosi akacheka. Kisha akafuta ubao
ambao haukuwa na kitu.

Fainali aliisimulia mara tatu.
Yuko juu, anaongoza kwa pointi moja,
zimebaki sekunde tisa,
mtu wa Oklahoma akapinduka chini yake kama kambare.
Mwaka uliofuata zilikuwa sekunde sita.
Alipokaribia kuondoka zilibaki mbili,
nami naamini
angekaa nasi mwaka mmoja zaidi, angeshinda.

Msimu wa soko alipambana na Masesa, mchukuzi,
shingo kama kinu.
Akamwangusha mara moja. Mara mbili. Ya tatu, vigelegele.
Ya nne Masesa akaketi mwenyewe, akajipangusa vumbi:
"Nimekubali, Mwalimu. Wewe huangusha watu bure.
Mimi nina marobota arobaini na lori linanguruma."

Halafu malaria.
Siku kumi na mbili za kwinini, masikio yakilia,
hata lile la uyoga.
Baba alimkuta alfajiri mlangoni pa ghala,
blanketi mabegani, suruali imefungwa kwa kamba ya katani.
Hakusalimu.
Alipanda kwenye sahani, pale yanapopandishwa marobota,
akavua viatu akiwa huko huko juu.
Sindano ikatetemeka, naye akitetemeka,
ikatulia yeye bado.
Sitini na mbili.

Baba alisema hajapata kuona homa inatabasamu vile.
Vosi aliunyoosha mkono wa kulia kidogo, pembeni,
akasubiri, macho mbele,
kama kuna mtu amesimama kati yake na mwingine.
Baba hakujua desturi za mieleka.
Alidhani anaomba kushushwa.
Akaushika ule mkono, akauinua.

Daftari la mwaka ule ninalo, mchwa wameanza pembeni.
Kati ya robota la Kapela na robota la Ntabo
baba ameandika kwa kalamu ya wino:
Vosi, 62.
Safu ya daraja ameiacha wazi.
Safu ya bei, vilevile.