Korosho Kumi

Karatasi aliyonipa muuguzi pale Ligula
nimeikunja mara nne, inakaa kifuani pamoja na noti.
Asubuhi: tufaa moja, mtindi, uji wa shayiri.
Mchana: samaki wa kuchoma, nusu sahani iwe majani.
Saa kumi, njaa ikikubana: korosho kumi.
Hapo nilicheka. Dada wa watu akadhani namdharau.

Mimi nabangua korosho tangu ndoa yangu ya kwanza.
Mafuta ya ganda yamenifuta alama za vidole,
siku ya kitambulisho mashine ilinikataa mara tatu.
Zinapita mikononi mwangu maelfu kwa siku, nyeupe, nzima,
na jioni msimamizi anatupapasa mifuko.

Basi. Elfu nne na mia tano kwa siku,
midomo mitatu,
magoti mawili yanayolalamika nikichuchumaa,
na presha nisiyoiona ila kwenye kimashine chao.
Jumamosi nikaenda soko la Chuno na kalamu.

Tufaa moja, shilingi elfu.
Limesafiri, limepakwa nta,
limebandikwa kijikaratasi kama mgeni rasmi.
Nikalirudisha taratibu.
Papai zima lenye kovu ubavuni: mia saba,
nalo lina siku tatu ndani yake.
Nikaandika: tufaa ni papai.
Shayiri, nikaandika: Mungu anajua.
Asinati akanipimia dagaa kwa kikombe,
akakitikisa, wakashuka, akaongeza wengine watano.
"Hawa hawana mafuta," akasema, "hawana hata deni."

Mbaazi ndizo zilizonikalisha kwenye gunia la watu.
Mbaazi bila nazi! Mama yangu angenikana.
Tukapatana, mimi na karatasi:
nazi moja kwa wiki, iwe Ijumaa,
tui la kwanza la watoto,
la pili, lile maji yaliyosikia habari za nazi, langu.

Kuna jambo muuguzi hakuniambia, nimelikuta jikoni:
shibe ya bei nafuu ndiyo inayokaa kiunoni.
Kilo moja ya unga inanyamazisha nyumba nzima.
Mafungu manne ya mchicha yanaingia sufuriani kama kichaka,
yanatoka konzi moja,
na Mtukwao ananyanyua kifuniko: "Mama, chakula kiko wapi?"
Miaka yote ile walioniita mlafi
hawakuwahi kuona daftari langu.

Wiki ya tano gauni la kitenge linanipwaya.
Jirani yangu Somoe akanivuta pembeni ya ukuta.
"Shoga, umepima?"
Nimepima, nikamwambia. Dagaa, kikombe kimoja.
Hakucheka.
Usiku akaja na bakuli la ming'oko, bado inafuka,
na chumvi kwenye kipande cha gazeti,
akakaa kunitazama nikimenya, nikila.
Nikaimaliza yote.
Karatasi haina mstari wa ming'oko,
wala wa jirani mwenye hofu.

Kupanda mizani ya duka la dawa ni mia mbili.
Mia mbili ni fungu la matembele.
Wiki ya sita nilichagua matembele.
Ya saba, matembele.

Leo, zamu imekwisha, magunia yamepimwa,
nikavua kandambili nikapanda mizani ya korosho.
Wenzangu wakapiga vigelegele vya uchokozi.
Msimamizi Chilumba akasogeza jiwe, akafumba jicho moja,
akalirudisha nyuma kidogo, tena kidogo.
"Themanini na mbili."
Ligula waliandika themanini na tisa.
"Ungekuwa mzigo wangu wa ghalani," akasema,
"kwa upungufu huu ningefukuzwa kazi."

Kisha akafunga daftari, akatufungulia geti,
na kwa mara ya kwanza hakunipapasa mifuko.
Ilikuwa mitupu.
Ningejua, ningetia kumi.